Mkono Uliozalisha Ng'ombe wa Titye

Anatoli alikuwa na mkono mrefu, mwembamba, na mkono huo ndio uliompa jina. Ng'ombe akishikwa na uchungu huko Titye, kijiji cha wilaya ya Kasulu, ndama akikaa vibaya tumboni, watu hawakumfuata afisa mifugo, ambaye alikaa mbali na mara nyingi hakuwa na mafuta ya pikipiki. Walimfuata Anatoli. Alivua shati, akanawa kwa sabuni ya mche, akajipaka mawese mpaka begani, kisha akaingiza mkono na kufumba macho.

"Macho hayana kazi humu," alizoea kusema.

Vidole vyake vilitafuta kwato, vikatafuta pua, vikanyoosha kilichopinda, ndipo akavuta. Kondo la nyuma likikataa kutoka, alirudi ndani na kulibandua kidogo kidogo kwa kucha. Hakudai malipo. Alipewa kibuyu cha maziwa mabichi, akayanywa palepale huku bado ananuka uzazi, na siku mwenye ng'ombe alipomwoza mwanawe, Anatoli alikaa mbele pamoja na wazee.

Nilipopangiwa kufundisha biolojia katika shule ya sekondari ya huko, mwaka 2013, nikitokea Iringa, nilipanga chumba nyumbani kwake. Mtu niliyeelezwa habari zake sokoni hakuwa mtu niliyemkuta. Niliyemkuta alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mgongo ameuegemeza ukutani, jembe liko pembeni yake, udongo umeligusa nchani tu. Alikuwa na miaka arobaini au zaidi kidogo. Asubuhi alitoka kama mtu mzima wa afya. Alilima matuta machache, akasimama, akaegemea mpini, akarudi. Jioni homa ilimpanda, na alfajiri shuka lake lilikuwa limelowa jasho mpaka mkewe, Verediana, akalianika uani kila siku kama nguo ya mtoto mchanga.

Ilianza mwaka 2012. Mwaka huo ng'ombe wa Reverien, mfugaji mwenye kundi kubwa kuliko wote pale kijijini, walitupa mimba mmoja baada ya mwingine, na Anatoli ndiye aliyeitwa kuwasafisha. Miezi michache baadaye akaanza kuchoka. Alitibiwa malaria akanywa mseto, akapata nafuu, homa ikarudi. Akaambiwa ni taifodi. Akanywa dawa za taifodi, homa ikaondoka na kurudi tena. Duka la dawa lilimuuzia vidonge vya mgongo. Mganga mmoja alimchanja kifuani. Kila mara alipona kidogo, kiasi cha kumpa matumaini, halafu uchovu ukamrudia na kumlaza.

Ugonjwa wenye kidonda huonewa huruma. Uchovu hauna kidonda. Majirani walianza kumwita mvivu, kwanza kwa utani, baadaye bila utani.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 alifika Sylvesta, kaka yake Verediana, anayebeba mizigo stendi ya Kibondo. Alimkuta shemeji yake kwenye mkeka na jua limeshapanda. Hakukaa.

"Mwakeye, shemeji," alimsalimu kwa Kiha. "Niliambiwa unazalisha ng'ombe. Naona safari hii umejifungua mwenyewe."

"Mgongo, shemeji," alijibu Anatoli.

"Mgongo wa nani hauumi? Mimi ninayebeba magunia ya watu, wangu ni wa chuma?"

"Sikusema wako hauumi."

"Kaka, kaa ule," alisema Verediana, akiweka ugali wa muhogo na maharage. "Matusi hayashibishi."

Sylvesta alikaa, akanawa, akala tonge kubwa huku akilitazama shamba. Nyasi zilikuwa zimefika magotini.

"Nitasema mara moja," alimwambia dada yake alipomaliza. "Mvua za mwaka huu zikianza nikakuta shamba hili liko hivi, nakuchukua wewe na watoto, twende Kibondo. Huwezi kulima peke yako, ukate kuni peke yako, umwoshe na mume."

"Ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza mama. Ndiye aliyenituma."

Verediana aliokota sahani. Kwa kaka angeweza kujibu mpaka jioni. Kwa mama yake hakuwa na neno. Anatoli alitazama mkono wake uliolala juu ya goti kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeuacha pale.

Wiki iliyofuata Verediana aliuza kuku wawili na kuniomba niwasindikize kituo cha afya, Kasulu mjini. "Wewe unajua lugha ya madaktari," aliniambia. "Sisi wanatupa dawa kabla hatujamaliza kusema."

Tabibu aliyetupokea aliitwa Herieth, mwenyeji wa Kilimanjaro, ambaye mwaka wa tatu sasa alikuwa akiomba uhamisho. Alikuwa ameona wagonjwa tangu asubuhi na sauti yake ilikuwa imekauka. Aliuliza maswali yaleyale ambayo Anatoli alikwisha kuulizwa kila mahali: homa tangu lini, anaharisha, anakohoa, anafanya kazi gani.

"Mkulima," alisema Anatoli.

"Mkulima wa wapi!" alidakia Verediana. "Mwaka wa pili huu hajalima. Anazalisha ng'ombe."

Herieth aliinua kichwa. "Anazalisha vipi?"

"Kwa mkono. Huu hapa. Unaingia wote."

"Bila glavu?"

"Glavu ya nini? Ng'ombe si mgonjwa, anazaa tu."

"Ile si kazi," Anatoli alinung'unika. "Ni kusaidiana."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa lilikuwa wapi. Kila alikopita aliulizwa kazi yake, na kila mara alijibu kwa ukweli wake. Kwa kuwa hakulipwa, hakuiita kazi. Na kwa kuwa kila mtu Titye alimfahamu, hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna haja ya kumweleza mgeni kuhusu mkono huo.

"Korodani zinakuuma?" Herieth aliuliza.

Anatoli alinitazama mimi, akatazama mlango.

"Zimevimba," alisema mkewe. "Anaficha. Anatembea kama bata, halafu anasema ni viatu."

"Mama Asnath!" Anatoli alimkemea mkewe.

"Nimekuja hapa kuona haya au nimekuja kukuponya?"

Damu ilipimwa, na majibu yakatoka mchana. Ilikuwa brusela, ule ugonjwa ambao wafugaji wanaujua kwa ng'ombe kama ugonjwa wa kutupa mimba. Anatoli alipoelezwa hivyo alikasirika kidogo. Yeye ni mwanamume, alisema, mimba ya kutupa ataitoa wapi?

Herieth alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akavuta kiti. Namshukuru mpaka leo kwamba alikivuta, maana foleni nje ilikuwa ndefu.

"Sikiliza, baba," alisema. "Bakteria hawa wamejaa kwenye kondo la ng'ombe aliyetupa mimba, na wamo kwenye maziwa mabichi. Wakikuingia, hawabaki kwenye damu wakisubiri dawa iwakute. Mwili wako umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyohesabika. Wanaingia humo. Tena wanaingia kwenye seli za ulinzi, zile zenyewe zilizotumwa kuwameza na kuwasaga."

"Wanamezwa?"

"Wanamezwa, lakini hawasagwi. Sasa kila seli ina majiko yake. Mwalimu hapa anayaita mitokondria. Majiko hayo yanachoma chakula na kuipa seli nguvu. Lakini yana kazi ya pili. Seli ikiona imevamiwa na haiwezi kujiokoa, majiko hayohayo ndiyo yanayotoa amri seli ijiue, ili ife pamoja na adui aliye ndani."

"Inajiua yenyewe?" aliuliza Verediana.

"Yenyewe. Ni ulinzi. Sasa brusela inaizuia amri hiyo. Haitaki nyumba ianguke. Inataka mwenye nyumba aendelee kuishi na kupika, yenyewe izaliane humo mpaka itosheke."

Anatoli alihesabu miaka kwa vidole.

"Kwa hiyo miaka hii yote mimi ndiye ninayewapikia."

"Wewe ndiye."

"Ndiyo maana," alisema Verediana, "ugali unaingia na nguvu haionekani!"

Niseme jambo moja kwa niaba ya somo langu, kwa sababu mfano wa jiko ni mzuri lakini hautoshi. Wanabiolojia wanaeleza kwamba mitokondria zenyewe, zamani sana, zilikuwa bakteria walioingia katika seli nyingine wakabaki humo kwa mapatano, nguvu kwa makazi. Huenda ndiyo sababu bakteria wa leo wanaoishi ndani ya seli wanajua sana kuzichezea. Wapo wanaozikata vipande vipande. Wapo wanaotuma protini yao mpaka ndani ya mitokondria ili kuinyamazisha. Wapo, kama brusela, wanaochelewesha kifo cha seli waliyojificha, na namna hasa wanavyofanya bado inachunguzwa. Wala sitaki kumdanganya msomaji kwamba mgongo wa Anatoli uliuma kwa sababu ya majiko hayo peke yake. Mwili unaopigana muda mrefu humwaga kemikali zinazoleta homa, jasho na uchovu. Mtu anachoshwa na vita ambavyo haviishi, na haviishi kwa sababu adui amejificha ndani ya mlinzi.

"Ndiyo maana dawa ni ndefu," Herieth alimalizia. "Sindano kila siku kwanza, na vidonge wiki sita. Utajisikia umepona kabla hazijaisha. Hujapona. Wamejibanza, wanasubiri uache. Na maziwa yachemshwe mpaka yafoke. Na mkono huo usiingie tena kwa ng'ombe bila glavu."

Aliingia ndani akatoka na glavu chache za kituo. Anatoli alivaa moja. Iliishia kwenye kifundo cha mkono. Yeye na Herieth walitazamana, wakaona jinsi mkono uliobaki ulivyokuwa mrefu.

Siku za sindano Anatoli alilala kwa jamaa yake mjini Kasulu. Alirudi Titye na vidonge vilivyomchafua tumbo. Verediana alivitunza yeye, akavitoa kimoja kimoja mbele ya ugali, na hakumpa tonge mpaka ameona kidonge kimeshuka. Wiki ya tatu homa ilikuwa imekoma na Anatoli akaanza ubishi.

"Nimepona. Nikiendelea nitaharibu tumbo."

"Wanasubiri uache."

"Umewaona wewe?"

"Nimekuona wewe miaka miwili. Fungua mdomo."

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa maziwa. Walikuwa na ng'ombe mmoja, wa rangi ya kahawia, waliyemwita Gaju. Verediana, aliyekuwa imara kama ukuta kwenye vidonge, kwenye maziwa alikataa kabisa. Kwao Kibondo alifundishwa na bibi yake kwamba maziwa yakichemshwa, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa hupasuka na kiwele hukauka. Maziwa yanakaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na moshi unatosha.

"Daktari ni Mchaga," alisema. "Ng'ombe wa kwao labda wamezoea."

Nilimweleza kwa maneno yote niliyoyajua. Alinisikiliza kwa heshima, akaniita mwalimu, na hakuchemsha. Asnath, binti yao mkubwa, ndiye aliyeuliza swali lililomkwamisha mama yake: sisi wengine tunaoyanywa yaleyale, tutaanza kuchoka lini?

Kesho yake Verediana aliyabandika maziwa motoni. Alisimama mbali na jiko, mikono nyuma, kama mtu anayeshuhudia mzazi akitukanwa. Yalipofoka aliyaepua na kwenda moja kwa moja kwa Gaju, akamshika chuchu moja moja. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa muda mrefu. Chuchu hazikupasuka. Nadhani alichukizwa kidogo kwamba hazikupasuka, kwa sababu bibi yake alikuwa mtu mkweli.

Vidonge vikaisha. Nguvu haikurudi kwa kishindo. Ilirudi kidogo, ikajificha, ikarudi tena. Alilima matuta manne, siku nyingine sita, siku nyingine alikaa tu. Mvua za kwanza zilipodondoka, sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imegeuzwa. Sylvesta alikuja kama alivyoahidi. Alizunguka shamba lote, akarudi, akanawa mikono.

"Kule chini kumebaki," alisema.

"Kumebaki," alijibu Anatoli.

"Basi nipe jembe la pili. Nikirudi bila kufanya kitu, mama atasema nilikuja kula."

Walilima pamoja siku mbili, wakitaniana, na Sylvesta akarudi Kibondo peke yake. Tungetamani habari iishie hapo. Lakini Herieth alikuwa ametuambia kwamba ugonjwa huu unaweza kumrudia aliyepona, na mlango ambao ugonjwa uliingilia bado ulikuwa wazi.

Katikati ya mwaka 2015, wakati mabasi yaliyojaa wakimbizi Warundi yalikuwa yakipita Kasulu kuelekea kambi ya Nyarugusu na barabara haikuacha kutoa vumbi, Reverien alikuja mwenyewe nyumbani. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni. Mtamba wake bora, anayezaa kwa mara ya kwanza, alikuwa amelala tangu asubuhi na ndama hatoki.

"Baba Asnath, njoo na mkono wako," alisema.

Anatoli alimtazama mkewe. Verediana aliingia ndani akatoka na mifuko miwili ya plastiki, ile mikubwa inayoitwa rambo, na kamba ya mgomba.

Uwanja wa Reverien ulikuwa umejaa watu, kama kawaida pale ng'ombe anapozaa vibaya. Anatoli alinawa, akavaa glavu ya kituo, juu yake akavaa rambo, akaunganisha na rambo la pili, akafunga kamba begani. Watu walicheka. Mmoja alimuuliza kama anaenda dukani kununua sukari.

Aliingiza mkono, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mtamba alikoroma. Anatoli aliutoa mkono, akapaka mawese zaidi juu ya plastiki, akauingiza tena.

"Nini?" aliuliza Reverien.

"Nashika mguu. Sijui ni wa mbele au wa nyuma."

"Hujui?"

"Na plastiki hii mkono ni kipofu."

"Basi vua hilo rambo!"

Anatoli aliendelea kupapasa.

"Vua, Baba Asnath. Miaka yote hukuvaa. Ng'ombe wangu umewazalisha wangapi? Leo mtamba wangu amekuwa na kinyaa?"

"Si kinyaa."

"Ni nini?"

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vikishika fundo la kamba begani. Vilikaa pale. Mtamba alisukuma, na mwili wote wa Anatoli ukasogea naye. Kisha vidole vile viliachia fundo, vikashuka, vikashika mkia wa ng'ombe ili usimpige usoni.

"Nitamtoa hivihivi," alisema.

Alimtoa. Ilichukua muda mrefu, alikosea mguu akaanza upya, na ndama alipodondoka majanini alikuwa amekufa. Alikuwa jike, mwenye baka jeupe kwenye paji. Mtamba alipona. Baadaye aliinua shingo akaanza kumlamba ndama, na watu wakageuza nyuso.

"Ungesema huwezi," alisema Reverien kwa sauti ya chini, "ningetafuta mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Sasa atapatikana."

Akapatikana palepale. Kondo lilikuwa limekwama, na mpwa wake Reverien, kijana wa kiume mwenye mikono mizuri, akavua shati. Anatoli alimwambia asiingize mkono mtupu. Alimweleza homa, jasho, miaka aliyopoteza. Alimwambia hata habari ya majiko, kwa maneno ya Herieth, neno kwa neno. Kijana alicheka kwa adabu. Anatoli alimwambia tena. Kijana akasema, "Sawa, mzee," akajipaka mawese, akainama.

Tulirudi nyumbani. Anatoli alinawa kwa sabuni mara mbili uani, akachoma yale marambo nyuma ya choo, akakaa kwenye mkeka. Verediana alikuwa amekwisha kusikia. Titye habari hutembea haraka kuliko mwenye habari.

"Ulivua?" aliuliza.

"Sikuvua."

"Watakuita tena?"

"Oya," alijibu kwa Kiha. Hapana.

Verediana alichota maji akamwekea karibu. Anatoli hakuyagusa. Alifumba macho, na kwa jinsi alivyoangusha mabega nilidhani namwona yuleyule wa mwaka wa kwanza. Nadhani Verediana naye alidhani hivyo, maana alipiga magoti upesi, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo, akakihamishia shingoni, kisha kwapani kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

Ngozi ilikuwa kavu, wala haikuwa na moto.

"Umechoka tu," alisema.

"Nimechoka tu," alisema Anatoli.

Verediana alikaa karibu naye kidogo, halafu akainuka kwenda kutazama maharage.